Wanene wa Kasuku, Wembamba wa Pasi

Watu wakisikia kwamba nalipwa mshahara kulea wadudu, huuliza kwanza kama ni nyuki. Nikisema si nyuki, huuliza kama ni viwavi wa hariri. Nikiwaambia ni wadudu vijiti, wale wanaojifanya matawi makavu ili ndege wasiwale, hunitazama kwa huruma na kubadilisha mazungumzo. Hasara ni yao. Mimi kazi yangu naipenda, tena naipenda kwa kelele, na ndiyo maana pale Nyumba ya Wadudu, kwenye kona ya nyuma ya bustani ya mimea, walinibandika jina la Kasuku kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi.

Mwenzangu katika chumba cha kazi aliitwa Pasi. Koti lake la kazi lilikuwa na mistari ya pasi iliyosimama mpaka jioni, hata baada ya siku nzima ya kukata majani ya mpera na kusugua vizimba. Langu lilikuwa na mikunjo tangu asubuhi na halikuona haya. Maneno ya Pasi yalikuwa machache, na katika hayo machache, moja lilikuwa halikosekani: dada. Dada, umeamkaje. Dada, mkasi uko wapi. Dada, sasa pumzika kidogo kuongea. Nilimwitikia kaka, kama inavyopasa, na kwa muda mrefu sikuona ubaya wowote katika neno hilo.

Wadudu wenyewe walitufikia wakiwa mayai. Nyumba nyingine ya wadudu, marafiki zetu wa siku nyingi, walitutumia vifurushi viwili vya karatasi, wakatuambia kwa simu kwamba hizo ni aina mbili tofauti za wadudu vijiti na tusizichanganye. Mayai ya wadudu hawa ukiyaona utasema ni mbegu za mchicha zilizokula vizuri. Pasi alivifungua vifurushi vyote viwili mezani, chini ya feni, ayapange. Nani aliwasha feni si swali la leo. Mayai yaliruka chumba kizima, tukayafagia na kuyaokota kwa magoti, yakaishia kwenye sinia moja, aina zote mbili pamoja, na hakuna binadamu ambaye angeweza kuyatenganisha tena.

Tukakubaliana kwamba wakianguliwa, wadudu watajitenganisha wenyewe. Na kweli, baada ya miezi kadhaa walianza kutoka, weusi na wepesi, wamekunja mikia, wanakimbia huku na huku utadhani sisimizi waliosikia harufu ya sukari. Mwanzoni wote walikuwa sura moja. Kadiri walivyojivua ngozi na kukua, mambo yakajipambanua. Wengine walinenepa, wakawa kijani, wakaota miiba mgongoni na kukaa kwenye tawi wakila tu. Wengine wakabaki wembamba, rangi ya gome, wakaanza kuota mabawa. Tulipeana mikono kwa furaha. Hizo hapo, aina mbili, hata kipofu angezipapasa na kuzitofautisha.

Pale kwetu kulikuwa na sheria: aina moja, mlezi mmoja, na mlezi haingizi mkono kwenye kizimba cha mwenzake. Miaka ya nyuma, kabla yetu, ukungu ulitembea na mikono ya walezi kutoka kizimba hadi kizimba na kukimaliza chumba chote. Basi tukagawana. Mimi nikachukua wanene, kwa kuwa tulifanana tabia. Pasi akachukua wembamba, na sikuhitaji kumuuliza kwa nini. Vizimba tuliviweka kwenye meza moja, ubavu kwa ubavu, kila kimoja na wavu wake na kufuli yake.

Yalibaki mayai ambayo hayakuanguliwa. Nilitaka kuyatupa. Pasi aliyachukua, akayamwaga kwenye bakuli la mchanga mbichi, akaliweka juu ya rafu kwenye chumba cha chai, pale mvuke wa birika unapopandia. Kila nilipowasha birika, naye huyo, amekuja kuyakagua kwa brashi yake ndogo ya kuchorea. Nilimwambia sijapata kuona mwanamume akiatamia mchanga. Alinijibu kwamba subira huvuta heri, dada, akaendelea kukagua mpaka chai yangu ikaisha.

Siku zikaenda hivyo, nikimtania na yeye akinivumilia, mpaka mkurugenzi alipotuita ofisini. Mbele yake tulimwita Mama, nyuma yake Bi Mkubwa, na nina hakika alijua majina yote mawili. Alitueleza bila kuzunguka kwamba bustani ya pili, iliyo mwendo wa siku nzima kwa basi, inahitaji mlezi, na kwamba msimu ujao chumba chetu kitabaki na aina moja tu ya wadudu vijiti. Aina nyingine itahamia huko pamoja na mlezi wake. Siku ya wazi ilikuwa inakaribia, siku ambayo watu wote huingia bustanini kututembelea. Atasimama mlangoni, alisema, atazame watu wanasongamana mbele ya kizimba kipi. Macho anayo. Wakati huohuo tuandae ubao mkubwa wa kuzilinganisha aina hizo mbili, ili wageni wajue wanachokiangalia.

Niseme ukweli, nilitoka ofisini nikiwa na mabawa makubwa kuliko ya wadudu wa Pasi. Mimi napenda kushindana. Tangu utoto nilishindana kumaliza uji. Niliona ushindi uko mkononi, maana nani ataacha kumtazama mdudu wa kijani, mnene, mwenye miiba ya kifalme, aende kutazama kijiti kilichosahaulika na upepo? Nilimwambia Pasi aanze kufunga mizigo. Alitabasamu kidogo, akaninyooshea kola, akasema tutaona, dada.

Kazi ya ubao ikaanza. Tulikubaliana kila mtu aandike upande wake, na mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi niliandika kwamba wanene hutulia, wana haiba, na hawana makuu. Kisha nikaandika jambo nililoringia kuliko yote: wanene hawahitaji dume. Wadudu vijiti wa aina nyingi huweza kuzaa majike kwa majike, vizazi na vizazi, bila bwana yeyote nyumbani. Wangu wote walikuwa wakitaga. Usiku na mchana mayai yalikuwa yakidondoka sakafuni mwa kizimba, ta, ta, ta, na hapakuwa na dume hata mmoja. Nilimsomea Pasi mstari huo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Wembamba wake, kwa upande mwingine, hawakuwahi kutaga hata yai moja. Hapo ndipo nilipompatia. Nilimuuliza kila asubuhi kama kuna habari njema. Alisema bado wadogo. Nilimwambia wadogo gani hao wenye mabawa yaliyokomaa, labda wanasubiri kumaliza shule. Aliwatazama kwa wasiwasi wa baba, akawabadilishia majani, akawaongezea joto, na wao hawakutaga. Badala yake walikuwa na tabia moja ya ajabu. Wote, kuanzia mkubwa hadi mdogo, walijibana kwenye wavu upande mmoja wa kizimba, upande wa kizimba changu, wakatetemesha vipapasio vyao kutwa nzima.

Mimi nilisema wanatamani majani yangu. Pasi alisema ni jua la asubuhi, akaandika kwenye ubao: Wembamba hupenda kuelekea mashariki. Siku moja tukavigeuza vizimba ili tufagie, changu kikawa magharibi. Kesho yake wembamba wote walikuwa wamehamia magharibi. Pasi alisimama akawaza sana. Kisha akachukua kalamu, akaongeza: na magharibi, kutegemea msimu. Mimi nilisimama pale nikamcheka mpaka nikakaa chini, na sikuwaza chochote zaidi. Nyani haoni kundule, na sisi tulikuwa nyani wawili wenye vyeti.

Sentensi moja tu tuliiandika kwa pamoja, chini kabisa, kwa herufi kubwa, kwa kuwa Bi Mkubwa alitaka hitimisho: AINA HIZI MBILI HAZINA UHUSIANO WOWOTE.

Nyumbani naishi na shangazi, dada yake baba, aliyenilea na ambaye hadi leo hunipimia chakula kana kwamba bado narefuka. Jioni ya kuamkia siku ya wazi nilimweleza yote tukiwa mezani. Nilimweleza jinsi nitakavyomshinda Pasi. Nilimweleza koti la Pasi, ukimya wa Pasi, bakuli la mchanga la Pasi, jinsi Pasi anavyoshika jani kwa vidole viwili kama mtu anayeshika barua ya mfalme. Shangazi alikula hadi akamaliza. Ndipo akaniuliza, nikishamshinda huyo kijana, atakwenda wapi. Nikasema bustani ya pili, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Na chai utakunywa na nani, mwanangu?" akasema.

Nikafungua kinywa kumjibu. Nilianza kukohoa, na shangazi akanisukumia kikombe cha maji, akasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, kunywa taratibu.

Ndivyo nilivyojua. Wengine hujua kwa kutazamana machoni, mimi nilijua kwa kupaliwa. Nilimpenda yule mtu. Nilimpenda na koti lake, na brashi yake, na ubishi wake wa mashariki na magharibi. Furaha ilinipanda kichwani hadi nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Kisha nikakumbuka kwamba kesho yake ningemshinda, naye angepanda basi. Na kama ningeshindwa, ningepanda mimi. Vyovyote vile, chai ningekunywa peke yangu.

Siku ya wazi nilifika kazini nikiwa sina akili timamu. Nilinyunyizia maji kiango cha makoti badala ya majani. Nilimwamkia Pasi mara mbili. Aliniuliza kama naumwa, dada, na neno lile likaniingia kama mwiba kwenye kidole. Dada wa wapi mimi. Nilitaka kumwambia asiniite hivyo tena, lakini milango ilikuwa imefunguliwa na watu walikuwa wameshaanza kumiminika.

Wakamiminika kwangu, wote. Nilifungua mlango wa kizimba niwanyunyizie wanene maji, maana hunywa matone kwenye majani kwa madaha, na watu wakaweka watoto mabegani ili waone. Simu zilikuwa juu. Watu wakauliza miiba inachoma kiasi gani, wanakula nini, wanalala saa ngapi. Mlangoni Bi Mkubwa alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa taratibu, ile namna yake ya kukubali. Nilikuwa nashinda. Nikatazama upande wa Pasi. Mbele ya kizimba chake alisimama mtu mmoja tu, naye alikuwa amesimama ili afunge kamba za viatu. Pasi alikuwa wima, mikono nyuma, koti limenyooka, amewaangalia wadudu wake waliojibana kwenye wavu na kumgeuzia mgongo hata yeye.

Sikuweza. Nasema kweli, moyo uliniuma. Sikupiga hesabu ya kwamba nikimpigia debe nitaondoka mimi. Niliona tu kwamba watu hawa wanampita mtu wangu bila kumtazama, na hilo halitakubalika mbele yangu.

Basi nikaacha chupa ya maji, nikaacha mlango wangu wazi, nikavuka hatua zile chache na kupaza sauti niliyopewa na Mungu. Niliwaambia watu kwamba hawajaona kitu. Wanene wangu ni kukaa na kula tu, hata mimi naweza. Waje waone wembamba, waje waone mdudu kijiti anayeruka. Pasi alinigeukia, macho yamemtoka. Kabla hajasema, nilikuwa nimeshafungua kufuli yake na kuingiza mkono ndani ya kizimba chake, mkono mzima, hadi kiwikoni, jambo ambalo halikuwahi kufanyika tangu siku ya ukungu.

"Dada, mlango wako uko wazi," Pasi akasema.

Alichelewa. Mwembamba wa kwanza alitandaza mabawa kwenye kiganja changu, akapaa. Watu wakasema aah. Wa pili akafuata, wa tatu, kisha wote, wakamwagika kutoka kizimbani wakipiga mabawa ya kahawia, wakapita juu ya vichwa na kofia, mmoja akapumzika kwenye nywele za mama mmoja aliyekubali kupumzikiwa. Nilidhani wataenda dirishani. Hakuna aliyeangalia dirisha. Waliingia moja kwa moja kwenye mlango wa kizimba changu, bila kupapasa wala kuuliza njia, na kila mmoja akatua mgongoni kwa mnene wake.

Kisha wakakunja mikia.

Wanene wangu, wale watulivu, wasiohitaji dume, hawakushangaa hata kidogo. Mmoja aliendelea kula. Watoto waliteremshwa mabegani kwa haraka. Mbele kabisa alikuwapo mwanamke mjamzito, mkono tumboni, ameegemea meza ili aone vizuri. Alitazama kizimba, akanitazama mimi, akamtazama Pasi.

"Mimi si mtaalamu," akasema, "lakini hao si majirani."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kwenye bustani ya waridi. Watu walicheka wakishikana. Aliyekuwa akifunga kamba za viatu alicheka akiwa bado ameinama. Na katikati ya kicheko hicho Bi Mkubwa alipita taratibu, akajipanga mbele ya ubao wetu, akavaa miwani, akausoma kwa sauti ya kusomea taarifa ya habari. Wanene hawahitaji dume. Wembamba bado hawajaanza kutaga. Wembamba hupenda kuelekea mashariki, na magharibi, kutegemea msimu. Kwa kila mstari alisubiri watu wamalize kucheka ndipo akasoma unaofuata. Alipofika kwenye herufi kubwa, aina hizi mbili hazina uhusiano wowote, akageuka kukitazama kizimba, akaurudia tena polepole.

Nilimtazama Pasi. Alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili na mabega yanatetemeka. Nilidhani analia. Alipoitoa mikono nikaona amecheka mpaka machozi yamemfika kwenye kola, na mimi nikaanguka naye. Tulicheka kama watoto waliofumaniwa kanisani, na kila tulipokaribia kunyamaza mmoja wetu alisema mashariki, tukaanza upya.

Bi Mkubwa hakuwa amecheka. Alitusogeza pembeni, akatuambia kwa sauti ndogo kwamba sasa mambo yamekuwa rahisi. Hizo si aina mbili, ni aina moja, mabibi na mabwana. Sheria inajulikana, aina moja, mlezi mmoja. Wadudu watabaki wote, ila mmoja wetu ataondoka. Twende tukakubaliane ni nani, na akimaliza kuwaaga wageni atakuja kuchukua jibu, la sivyo ataamua yeye. Kicheko kilinitoka mwilini chote kwa mara moja.

Tukaingia chumba cha chai. Niliwasha birika kwa mazoea, nikakaa mbele yake. Pasi alibaki amesimama. Nilimwambia ataondoka nani ni wazi, nitaondoka mimi, kwa kuwa mkono ulioingia kwenye kizimba kisicho chake ni wangu. Alisema hapana, ataondoka yeye. Nikasema yeye ni mlezi bora kuliko mimi. Akasema na mimi ni sauti ya chumba, bila mimi wageni hawatakuja. Tulibishana hivyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake ubingwa, mpaka birika likaanza kutoa mvuke, na yeye, kwa mazoea yake naye, akainua mkono kuchukua lile bakuli la mchanga kwenye rafu.

Nilimuuliza kwa nini bado anahangaika nalo. Mayai yale yalikuwa yamekufa zamani.

"Nilihitaji sababu ya kuja hapa," akasema. "Kila ukiwasha birika."

Nikamtazama. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa ndani. Nilitaka kumjibu kitu kizuri, kitu cha kukumbukwa, na nilikuwa nimeshavuta pumzi, ndipo nikahisi kitu fulani kikitembea kwenye mdomo wangu wa juu.

Nikaganda. Pasi naye alikuwa ameganda, bakuli mkononi, akinitazama usoni. Niliteremsha macho kadiri yanavyoteremka. Chini ya pua yangu alikuwa amesimama mdudu wa kijani kibichi, mwembamba kama uzi wa kushonea, miguu yote hewani isipokuwa ile aliyonishikia. Lazima alinidondokea kutoka kwenye rafu nilipokuwa nimeinamia birika. Kwenye ukingo wa bakuli walikuwa wengine, wanajivuta kutoka kwenye mayai yao mmojammoja, taratibu, bila haraka yoyote. Hawakuwa weusi, hawakukunja mikia, hawakukimbia. Hawakufanana hata kidogo na wale wa kwanza.

Mlango ukafunguliwa. Bi Mkubwa akaingia na kuuliza, haya, ni nani anayeondoka.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na kila sababu ya kusema na sikuweza kufungua mdomo. Nikimtisha mdudu, atadondoka kwenye birika. Nilibaki nimemkodolea macho Pasi, nikimwomba kwa macho hayohayo aseme, aseme chochote, yeye ambaye salamu tu ilimchosha.

Na Pasi akasema. Wahenga walijua waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu. Alisema kwa mfululizo, bila kuvuta pumzi, maneno mengi kuliko aliyonipa tangu tulipokutana. Alieleza vifurushi viwili, na feni, na hakutaja nani aliyeiwasha, na Mungu amlipe kwa hilo. Alieleza kwamba kuna aina ambazo mayai yake hukaa zaidi ya mwaka mchangani kabla ya kufunguka. Wale wa kwanza walikuwa kifurushi kimoja, mke na mume, nasi tukawatenga kwa ujinga. Hiki hapa ndicho kifurushi cha pili. Mama atazame rangi, atazame mkia, atazame mwendo. Hizi ni aina mbili, mbili za kweli safari hii, na sheria ya nyumba inajulikana, kila aina na mlezi wake; wale wakubwa wageni wamewapenda leo, na hawa wachanga hawatastahimili siku nzima ndani ya basi, kwa hiyo jibu la swali lake ni kwamba haondoki mtu. Bustani ya pili itafute mlezi wake. Na kama Mama hatajali, angependa kumtoa yule mdudu kwenye mdomo wa Kasuku kabla hajammeza.

Bi Mkubwa alivaa miwani. Akainamia bakuli kwa muda mrefu. Kisha akanisogelea, uso kwa uso, akamkagua mdudu aliye juu ya mdomo wangu kwa umakini ambao mimi binafsi sikuwahi kupewa na mkurugenzi yeyote. Nilimsikia akipumua. Niliona midomo yake ikianza kucheza pembeni, na nikajua kwamba kile kicheko alichokizuia mbele ya wageni alikuja nacho hadi humu.

Alisema kwamba bustani ya pili ataipigia simu. Alisema ubao ule tuufute leo hii. Alipofika mlangoni akageuka, akasema tukiandika mpya, kabla ya kusema aina hizi hazina uhusiano wowote, tumwite kwanza aje aangalie. Hakuwa akiwatazama wadudu aliposema hivyo. Kisha akafunga mlango, na tukamsikia akicheka peke yake hadi mwisho wa ukumbi.

Pasi aliweka bakuli mezani, akachomoa brashi yake mfukoni, akailowesha ncha kwa ulimi. Akanisogelea. Alishika kidevu changu kwa vidole viwili, vile anavyoshika jani, na koti lake lilinukia sabuni na majani ya mpera.

"Usitikisike, Kasuku," akasema.

Nilisubiri lile neno lingine. Nilisubiri lije nyuma ya jina langu kama lilivyokuja kila siku, asubuhi na jioni, tangu nilipomjua. Halikuja. Alikuwa ameishia hapo, brashi imesimama hewani, naye anajua kabisa alichokiacha.

Nikatikisika. Mdudu akadondoka, akatua kwenye mkono wa lile koti lililonyooka, akaanza kuupanda mstari wa pasi polepole kuelekea begani. Tulimwacha apande.